Mdogo Wangu, Bingwa wa Mwananyamala

Mdogo wangu aliingia kwenye mapigano kupitia kichwa cha mteja wangu. Wakati huo nilikuwa nasukia barazani kwa wazazi wetu, Mwananyamala, naye ndiye aliyekuwa akinichambulia rasta. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, na mwili wake ulijaa nguvu asizojua azipeleke wapi. Siku moja namsuka askari mmoja wa kike, mrefu, mpole wa sauti, masikio yake yamevimba kama maandazi. Mie nilijifanya sijayaona. Mdogo wangu hanaga simile.

"Afande, masikio yamefanya nini?"

"Mieleka," akajibu yule dada huku akicheka. "Tunafanyia pale nyuma ya gereji. Njoo jioni uone."

Akaenda. Alirudi mdomo umevimba upande mmoja, kanga ina vumbi, na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu tukiwa wadogo.

Kocha wao alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alikuwa ametandika magodoro ya mazoezi kwenye ghala la zamani nyuma ya ile gereji, na huko alifundisha ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, ambao mtu hushinda kwa kumpiga mwenzake, kumkaba, au kumkunja mkono hadi agonge sakafu kukubali yaishe. Mdogo wangu alipenda zaidi kukaba. Akajifunza kabali, akawa ananifanyia mie mazoezi jikoni mpaka mama anamfukuza kwa mwiko.

Baba ndiye aliyekuwa mtihani. Ni mzee wa hapahapa Dar, karani mstaafu wa bandarini, mtu wa msikiti na kanzu iliyopigwa pasi. Kocha alikuja mwenyewe nyumbani, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunieleza kwa nini mtoto wangu wa kike anagaragazana sakafuni?"

Kocha akaeleza kwa adabu kwamba wasichana wana saa yao, wanafanya mazoezi wao kwa wao, na mavazi yanafika mikononi na miguuni. Baba akasikiliza hadi mwisho, akasugua kidevu.

"Mie sijaruhusu," akasema. "Ila sijakataza."

Tulivyomjua baba, hiyo ilikuwa ruhusa kubwa kabisa.

Pambano lake la kwanza lilikuwa Temeke, kwenye ukumbi wa harusi. Ulingo wa mchezo huu hauna kamba, umezungushiwa wavu. Mama alipoona mlango unafungwa kwa komeo, mwanawe akiwa ndani, aliinuka kwenye kiti.

"Mbona wamemfungia kama kuku? Fungueni!"

Nikamvuta gauni akae. Mpinzani alikuwa binti wa Arusha, mpana wa mabega, na mwanzoni alimtandika mdogo wangu ngumi mbili za pua hadi mama akaanza kusoma dua kwa sauti. Halafu wakashikana, wakaanguka, na kwenye ule mvurugano nikaona mkono wa mdogo wangu ukipita shingoni kwa mwenzake. Nilikuwa naijua ile kabali, nilishaionja jikoni. Binti wa Arusha akagonga sakafu. Ukumbi ukalipuka, na mama, aliyekuwa anataka wafungue, sasa alikuwa amepanda juu ya kiti anapiga vigelegele.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Akashinda Dodoma, akashinda Nairobi, akaanza kuitwa redioni. Baba, ambaye hakuwa ameruhusu, tukasikia anawaeleza wazee wenzake pale wanapokunywa kahawa tofauti ya kabali ya mbele na kabali ya nyuma, akionyesha kwenye shingo ya muuza kahawa.

Mie nilikuwa nimeshaolewa na kuhamia Kimara, nimefungua saluni yangu. Asubuhi moja nafungua mlango, naona vijana wanabandika bango kubwa ng'ambo ya barabara. Ni yeye. Amekunja ngumi, na nywele zimemwagika hadi kiunoni. Kampuni moja ya kuuza rasta ilikuwa imempa mkataba, kila aonekanapo hadharani awe amesukwa kwa nywele zao. Na msusi ni mie! Wateja walijaa. Kila mtu alitaka kusukwa na mkono uliomsuka bingwa, na kila mtu aliuliza kama ni kweli aliwahi kumvunja mtu mkono. Nilisema ndiyo, kumbe aliyevunjika ni kidole, tena cha kwake mwenyewe.

Akapata meneja, kijana wa miwani ya jua anayezungumza na simu mbili kwa mpigo. Meneja akampangia nyumba Mbweni, mpya, ina geti na bustani. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta amekaa sebuleni peke yake, televisheni inaongea.

"Dada, huku hata wa kuniomba chumvi hakuna," akaniambia. "Jirani namsikia tu akiwasha gari."

Kisha likaja pambano la mkanda wa Afrika, hapahapa Dar, na bingwa kutoka Zambia. Kampuni ikataka rasta ndefu kuliko zote, nene, zenye rangi mbili. Kocha alinuna.

"Hizi nywele au mzigo wa kuni?"

"Zinapigwa picha, mwalimu," meneja akajibu. "Dunia nzima itaziona."

Sasa, kwenye mchezo huu lazima mtu apimwe uzito siku moja kabla. Mdogo wangu alikuwa amejinyima chakula, na maji akayaacha kabisa tangu jana yake. Alipanda mzani mbele ya waandishi wa habari. Umezidi. Akavua viatu, bado. Tukamzungushia kanga, mie upande huu na yule askari wa masikio upande ule, akavua vyote ndani yake. Bado umezidi, kidogo tu, kama uzito wa embe. Wakampa muda apunguze. Akavaa koti zito, akapanda na kushuka ngazi za jengo lile hadi midomo ikapauka. Hakuna jasho lililotoka, mwili ulikuwa umekauka.

Kocha akamtazama kichwani. Mdogo wangu naye akajishika nywele, akazipima kwa kiganja.

"Dada, una mkasi?"

Meneja akaruka katikati yetu. "Usithubutu! Mkataba unasema nywele!"

"Basi kesho huo mkataba ndio uingie ulingoni," akasema mdogo wangu. "Kata, dada."

Nilikata. Nilikuwa nimezisuka zile nywele kwa saa nane nzima, vidole bado vinauma, na sasa zinaanguka chini kama kamba za kuanikia nguo. Nilipofika karibu na ngozi tukaazima mashine kwa kinyozi wa mtaa wa pili, nikamnyoa kipara kabisa, maana mdogo wangu alisema hataki mchezo. Akapanda mzani. Umekaa sawasawa. Watu walishangilia, na yule bingwa wa Zambia mwenyewe akaja kumpigia makofi.

Pambano akashindwa. Alikuwa amechoka mno, raundi ya tatu miguu ilikuwa haimtii. Lakini hakugonga sakafu, alipigana hadi kengele.

Kesho yake kampuni ikavunja mkataba. Bango la Kimara likashushwa nikiwa naangalia, wakabandika la sabuni. Mitandaoni wakamwita Kipara, wengine wakasema ana maradhi makubwa, wengine eti mganga ndiye aliyeagiza anyolewe. Msikitini mtu mmoja alimwuliza baba kama mwanawe anaumwa nini hasa. Baba alirudi nyumbani hakula. Meneja na simu zake mbili, hakupokea hata moja. Baada ya muda mdogo wangu akarudi Mwananyamala na begi, godoro na friji, akalala kwenye chumba chetu cha utotoni akiangalia ukuta.

Nilikwenda kila nilipopata nafasi. Siku moja alikaa kitandani akalia kama mtoto.

"Mie nilidhani wananipenda, dada. Kumbe walikuwa wanapenda nywele."

Nilimkumbatia tu, nikakipapasa kile kichwa ambacho nywele zake zilikuwa zimeanza kuchomoza. Tukakaa hivyo, halafu akasema, "Unanikuna vizuri, usiache," tukaanza kucheka wote wawili hadi mama akaja kuchungulia.

Mama ndiye aliyemtoa kitandani. Mama hupika maandazi ya kuuza, na alfajiri moja alisimama mlangoni na beseni la unga.

"Bingwa, amka ukande. Mikono yangu inauma na yako imelala."

Akaamka. Akakanda kesho yake pia, na keshokutwa. Wanawake waliokuja kununua maandazi wakawa wanamkuta pale, amevaa kanga, kichwa wazi, unga hadi kwenye viwiko. Mwanzoni waliona haya. Kisha mama mmoja muuza mboga akamwuliza:

"Mwanangu, hivi mtu akikushika mkono kwa nguvu sokoni, unamtokaje?"

Mdogo wangu akafuta unga, akamwonyesha. Mara moja, mara mbili. Yule mama akamjaribu mwenzake, mwenzake akapiga yowe, wote wakacheka, maandazi yakaungua. Wiki iliyofuata walikuja sita. Kocha akawapa saa ya wasichana kule ghalani, na pakawa hapatoshi. Mie mwenyewe nilijiunga. Nina kabali nzuri, ingawa mume wangu hakubali nimfanyie.

Yule bingwa wa Zambia ndiye aliyemtaka tena. Alisema kwenye mahojiano kwamba hakuridhika kumshinda mtu aliyekauka maji. Safari hii pambano lilikuwa Lusaka. Mdogo wangu alikwenda na nywele fupi, ameshiba uji wa mama, na kocha pekee. Sie tuliangalia kwenye simu ya baba, imeegemezwa kwenye birika la kahawa, wazee wamejazana. Lilikuwa pambano refu, hakuna aliyemkaba mwenzake. Waamuzi walipotoa alama na mkono wa mdogo wangu ukainuliwa, baba alisimama, akarekebisha kofia, akasema "Alhamdulillahi" taratibu. Halafu akashindwa kujizuia, akamkumbatia muuza kahawa.

Kampuni ya rasta ikapiga simu. Akawaambia kwa upole kwamba ana shughuli.

Bado anapigana, ingawa goti la kushoto linamsumbua na huwa analikanda kwa maji ya moto. Bado anakaa Mwananyamala. Jumamosi iliyopita tulikuwa Temeke, yeye akiwa nje ya wavu, na ndani ameingia yule mama muuza mboga, mwenye watoto watatu, pambano lake la kwanza. Sijawahi kumwona mdogo wangu na hofu namna ile. Alitafuna taulo. Alinibana mkono hadi ukafa ganzi. "Shingo, mama, linda shingo!" alikuwa anapiga kelele, sauti imekauka.

Mama muuza mboga alishindwa kwa alama. Alitoka jicho moja limefumba, akatukuta tumesimama na nyuso za msiba.

"Nyie vipi?" akauliza. "Mmeona lile teke langu? Mmeliona?"

Tulikuwa tumeliona. Tukamshika mikono, mmoja huku mwingine kule, tukaenda kutafuta chipsi mayai, naye njia nzima anatuonyesha lile teke, na watu wanampisha.