Mlango Mweupe wa Mwalimu Kivuli

Ukitaka kuchelewa safari, ongozana na mume wangu. Tumechelewa harusi, tumechelewa msiba wa mjomba wake mwenyewe, na mara mbili tumeachwa na basi la kwanza, yote kwa sababu alisimama mbele ya ukuta. Wala si ukuta wenye picha. Ukuta mtupu tu, ulioangukiwa na kivuli cha mti au cha nguo zilizoanikwa. Anasimama, anainamisha kichwa upande, anakunja jicho moja. Mimi namwambia, "Tutachelewa." Yeye anasema, "Subiri kidogo." Miaka thelathini na moja ya ndoa yetu unaweza kuitia yote ndani ya maneno hayo matatu na ukaifunga kwa kamba.

Ugonjwa huo aliambukizwa na mwalimu wa kuchora alipokuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na swali lake lilikuwa moja: kivuli kina rangi gani? Darasa zima likajibu, cheusi. Basi akawatoa nje kwenye jua la saa nne, akawaambia waangalie tena. Walisimama kipindi kizima, jasho likiwatoka. Kengele ilipokaribia kugongwa, mtoto mmoja wa nyuma akasema kwa woga kwamba kivuli cha darasa kina zambarau. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kunioa. Mwalimu akawarudisha ndani, akachukua kopo la rangi nyeusi kabatini na kulitupa kwenye pipa la taka mbele ya macho yao. "Anayetaka nyeusi akang'arishe viatu," alisema. Kuanzia siku ile wakawa na nyekundu, manjano, buluu na nyeupe, na kila rangi nyingine waitafute wenyewe kwa kuchanganya. Watoto wakambandika jina la Mwalimu Kivuli, nalo likamganda.

Alimfundisha miaka miwili tu. Kisha baba mkwe wangu akafariki, na mtoto wa kwanza hawezi kulisha wadogo zake kwa zambarau. Akaingia gereji, akawa anapiga msasa milango ya magari kuanzia asubuhi mpaka jioni, mpaka alama za vidole vyake zikafutika. Huko angebaki hivyo hivyo, kama siku moja fundi wa rangi asingeshindwa na gari la kijani lililogongwa ubavuni. Mtu wa msasa akasema polepole, "Tia tone la nyekundu." Wakamcheka. Nyekundu kwenye kijani, wapi na wapi? Walipochoka kucheka wakatia, na kijani kikatulia. Hakushika msasa tena.

Kazi yake ni hiyo tangu wakati ule. Gari likikwaruzwa mlango mmoja, mlango ule lazima upakwe ufanane na mingine, na ile mingine imeshapigwa jua miaka kumi. Rangi iliyoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda haipo tena. Ilishafifia. Inabidi mtu achanganye ile iliyopo, kwa macho, tone kwa tone. Gereji nzima wanamwita Jicho. Sifa alipata yeye, nyumba ya ghorofa akajenga mwenye gereji, lakini hayo tuyaache. Mpaka leo rafu yake haina kopo jeusi. Akitaka kijivu anakizalisha mwenyewe, hata ikimchukua nusu siku, na mwenye gereji hupita akiguna.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu, mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu nasi, na makoti ya madaktari. Mgongo wangu wenyewe sasa umekunjika kama shati. Mwaka wa kwanza wa ndoa mume wangu alichukua mashuka mawili niliyoyaanua, akayatandaza kitandani na kuniuliza lipi jeupe zaidi. Nikamjibu yote meupe, toka hapa. Akanishika mkono, akanipeleka dirishani. "Angalia tena," alisema. Nikaangalia kwa hasira, na nikaona. Moja lilielekea manjano ya jino, jingine lilielekea ubuluu wa maziwa yaliyotiwa maji. Tangu hapo nikajua kupima buluu ya kufulia, shuka hili kijiko, lile nusu, na wateja wakaanza kunifuata toka mitaa ya mbali.

Lakini sikumshukuru mtu. Nilimchukia yule mwalimu, na nasema wazi. Kila jambo, Mwalimu Kivuli alisema hivi, Mwalimu Kivuli angefanya vile. Nikipika, rangi ya moshi. Nikijifungua, jamani, mwanamume anaingia wodini, anamtazama mtoto na kusema, "Ana machungwa kidogo kwenye masikio." Mume wa jirani alikuwa anakuja nyumbani na samani, wangu anakuja na rangi ya masikio. Nilimwambia mara nyingi kwamba kama angejifunza useremala badala ya vivuli, tungekuwa mbali. Yeye hajibu, ndiyo adabu yake na ndiyo kiburi chake.

Kasoro yake moja tu niliijua. Kila anachochanganya kwa matumizi yake anakizidishia nyekundu. Chumba chetu alikipaka nyeupe, kikatoka kama ufizi. Nilimwambia, akasema ni weupe wenye uhai. Haya, akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mwaka jana, siku moja mchana, alisimama mlangoni akaziangalia nguo kwenye kamba na kuniuliza, "Siku hizi umeacha kutia buluu?"

Nilidhani ananitania. Yalikuwa mashuka bora niliyofua mwezi ule. Akasema yamekuwa manjano. Tukanuniana siku tatu, mimi nikigonga pasi mezani ili asikie. Siku ya nne fundi bodi wa gereji yao, yule anayenyoosha mabati, alileta mashati yake kufuliwa. Akakaa kwenye ndoo, akavuta pumzi. "Shemeji," alisema, "mzee anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Milango miwili imerudishwa. Yote myeupe. Mmoja umekuwa wa buluu kabisa, hata mtoto anaona. Bosi anasema atanunua mashine ya kupimia, na Jicho arudi kwenye msasa."

Msasa. Mtu wa miaka hamsini na tisa. Hapo ndipo nilipoelewa kuhusu mashuka yangu, na hasira yote ikaniishia miguuni. Sikumwambia kitu. Nilingoja aseme mwenyewe, naye hakusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mume wangu hakuumbuliwa na kifo. Aliumbuliwa na gari dogo jeupe.

Lililetwa na binti wa Mwalimu Kivuli. Lilikuwa kuukuu, limekwaruzwa na geti mlango wa mbele. "Mama amesema lipelekwe kwa yule mtoto wa zambarau," binti alisema. "Amesema wengine watampakia chokaa. Jumamosi atakuja kulichukua mwenyewe."

Siku ile mume wangu alirudi mapema, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu. Nilikuwa napiga pasi. Akasema, "Mama watoto, sioni buluu."

Nikaweka pasi chini.

"Imeondoka kidogo kidogo. Nilidhani ni vumbi, nikadhani ni uchovu. Milango ile niliitia buluu mpaka niione, kumbe kila mtu anaiona ila mimi." Akajifuta uso na mikono yote miwili. "Bosi akinirudisha kwenye msasa nitapiga msasa. Lakini mwalimu asije akaniona nimempakia mlango wa uongo. Huyo hapana. Bora nisiwepo."

Nilikuwa na makoti kumi na mawili ya madaktari kwenye beseni na goti lililovimba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nilikuwa na mzigo wangu. Ningeweza kumwambia akamwombe huyo mwalimu wake macho. Neno lilinifika kwenye ulimi kabisa. Badala yake nikamuuliza, "Unataka nini?"

"Uje uniangalizie."

"Mimi dobi?"

"Kuna anayejua weupe hapa mjini kukuzidi wewe?"

Katika miaka thelathini na moja hilo ndilo neno tamu zaidi aliloniambia, na alilisema akitazama sakafu.

Jumatano nikafunga kanga yangu, nikaenda gereji. Mafundi wakanipisha kana kwamba nimeleta barua ya mahakama. Fundi bodi akaniletea kiti. "Karibu, shemeji. Leo Jicho la pili limekuja," akasema, na mume wangu akamtazama mpaka akaondoka. Tukaanza. Yeye alichanganya kwenye kopo, akapaka kwenye kipande cha bati, tukasubiri kikauke, maana rangi mbichi ni mwongo. Kilipokauka akakiegemeza kwenye mlango, na mimi nikaangalia.

"Buluu imezidi. Kama shuka la mtu mwenye haraka."

Akatia manjano kwa ncha ya kijiti. Kipande cha pili. "Hilo ni jino." Cha tatu. Cha nne nilidhani kimepatia, akaniambia nisogee nacho kivulini. Kivulini kikageuka kijivu. Sikujua kwamba weupe unaweza kukubali juani ukakataa kivulini. Yeye alijua. Mkono wake ulijua kila kitu, ungemhurumia, ulijua tone lipi na liingie lini, ila ulikuwa kama wa mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ngeni.

Cha sita alinyoosha mkono kwenye kopo la nyekundu.

"Acha hiyo nyekundu yako."

"Tone moja tu, la kuipa uhai."

"Uhai wako ndio unaotulaza kwenye ufizi miaka yote hii. Acha."

Akaacha. Kipande cha saba nilikiegemeza kwenye mlango nikakipoteza. Nilikitafuta kwa kidole. Nikamwambia, "Kimeingia." Hakuweza kuhakikisha. Ilibidi aniamini, na niliona jinsi ilivyomuuma. Alipaka mlango jioni ile kwa rangi asiyoiona.

Jumamosi Mwalimu Kivuli akaja. Nilikuwepo. Nilimtarajia mwanamke mkubwa, sijui kwa nini, labda kwa nafasi aliyochukua nyumbani kwangu. Alikuwa kikongwe mfupi mwenye fimbo na viatu vya raba.

"Shikamoo, mwalimu," mume wangu alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Marahaba. Liko wapi?"

Aliutazama mlango kwa karibu, akautazama kwa mbali. Akaamuru gari lisukumwe nusu juani na nusu kivulini, na mafundi watatu wakasukuma bila kuuliza. Akainamisha kichwa upande. Akakunja jicho moja. Nilimtazama akifanya vile nikaona ulikoanzia wakati wangu wote uliopotea barabarani.

"Hii rangi hukuchanganya wewe," alisema.

Mafundi wakaacha kazi. Mwenye gereji naye alitoka ofisini kwake. Mume wangu angeweza kusema uongo, na nani angemshtaki?

"Nimechanganya mimi, mwalimu. Ila sikuiona. Ameiona mke wangu."

"Nilijua. Wewe unazidisha nyekundu tangu ukiwa mtoto. Hapa haipo." Akamgeukia uso mzima. "Tangu lini huoni?"

"Mwaka sasa. Buluu imeondoka."

"Na daktari amesemaje?"

Nikajibu mimi kwamba hajaenda. Bibi akagonga fimbo chini. "Ni mtoto wa jicho hiyo. Mimi nilipasuliwa macho yote mawili nina miaka sabini. Walipofungua bandeji nikaona picha nilizochora miaka mitano, nikalia, zote buluu tupu. Buluu inarudi, mwanangu. Jumatatu nenda." Kisha akamwambia mwenye gereji, "Na wewe umsubiri."

Mwenye gereji akajikuta anaitikia.

Halafu akanijia mimi. Alinishika mkono, akaugeuza, akaviangalia vidole vyangu vilivyochujuka kwa sabuni. "Na wewe, mama, ulikaa dawati la ngapi?"

"Sikusoma kwako, mwalimu. Mimi ni dobi."

"Dawati la ngapi?" akarudia, na hakuwa akitania.

Nilikuwa na maneno ya miaka thelathini na moja ya kumwambia mwanamke yule. Niliyapanga mara nyingi nikiwa kwenye beseni. Yote yakanikauka. Nikasema, "Dirishani, mwalimu. Nyumbani kwangu, dirishani." Na machozi yakanitoka mbele ya mafundi, mtu mzima mimi, nikayafuta kwa ncha ya kanga.

Tulirudi kwa miguu. Jua lilikuwa kali na sote tulikuwa tumechoka, yeye akitembea mbele na mabega yameshuka, mimi nikivuta goti langu nyuma. Jumatatu ilikuwa mbali na makoti yalikuwa bado kwenye beseni. Tulipopita kwenye ukuta wa ghala, ule mrefu, hakusimama. Alipita tu, kichwa chini, kama mtu yeyote. Sijawahi kumwona akipita hivyo, na roho iliniuma kuliko siku aliyoniambia haoni buluu.

Kwenye ukuta kulikuwa na kivuli cha nguzo na nyaya zake. Mguuni kilikuwa cha buluu, na kadiri kilivyopanda kiligeuka, polepole sana, pembeni mwake kukawa na zambarau nyembamba ambayo nisingeiangalia ingeondoka.

Aligeuka hatua ishirini mbele, akanitafuta. "Mama watoto," aliita, "tutachelewa."

"Subiri kidogo," nikasema.