Siku Maisha ya Mdogo Wangu Yalipopimwa

Kwetu Nyamitaba bugali huliwa kwa mashanza, maziwa yaliyoganda, na mgeni asiyeyataka humtia Mama wasiwasi. Sasa mdogo wangu ana alerji ya maziwa. Akionja hata tone, midomo inavimba na koo linabana. Siku moja alikimbizwa kwa pikipiki hadi kituo cha afya, Mama akilia njia nzima.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na mtoto mmoja. Mimi nilikamua ng'ombe alfajiri kwenye matope. Yeye alikatazwa hata kusogelea zizi, akaenda shule na viatu safi. Sisi mashanza, yeye yai. Sisi mashanza tena, yeye paja la kuku, lile ambalo siku zote lilikuwa la Papa au la mgeni. Papa aliliachia bila neno. Mimi sikuliachia. Nilimwonea wivu mtoto mgonjwa, wivu wa kweli, wa kukosa usingizi. Wanasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na mdogo wangu alikuwa ameshiba.

Mwaka jana muuguzi wa kituo alimwomba Mama amlete, nami nikafuata kubeba mwavuli. Alisema dawa peke yake haitoshi. Anataka kupima maisha ya mtoto yakoje: usingizi, masomo, michezo, hofu. Nilicheka moyoni. Angeniuliza mimi ningemjibu kabla hajamaliza swali: anakula kuku, maisha gani tena?

“Unalalaka muzuri?” muuguzi akamuuliza.

“Ndiyo, Mama,” mdogo wangu akamjibu muuguzi.

“Na kucheza na wenzako?”

“Tunachezaka. Lakini kwa fete zao za kukula siendake. Sijui mu sahani kuko nini.”

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Haya, nikasema moyoni, ameshinda tena.

“Na saa ya kula, unaogopaka?”

“Mbele niliogopaka sana. Sasa ni kidogo tu, juu ya dada.” Akanielekezea kidevu. “Nikianza kula, yeye anaachaka chakula yake. Anaangaliaka mudomo yangu mpaka nameza. Njo najua, hata nikivimba, dada atakuwa ameshaona.”

Muuguzi akanigeukia. “Aksanti, dada. Uendelee vile. Hiyo njo inamusaidia kuishi muzuri.”

Mama aliuchukua mkono wangu, mkono wenye harufu ya zizi, akauweka mapajani mwake na kuufunika kwa wake, jambo ambalo hakuwa amenifanyia tangu mdogo wangu augue. Ulikuwa wa moto, mkono wa Mama. Nikauacha wangu ukae pale.

Siku zote hizo mimi nilikuwa nikitazama kuku.