Kiti cha Dada wa Marehemu

Kama kuna mtu Walthamstow, Landani, aliyefurahi chama kimoja cha Kanada kuangushwa kwenye uchaguzi mkuu, basi ni Léocadie, na wala hana kura huko. Mzaliwa wa Bukavu, Kongo, raia wa Uingereza, kazi yake kutunza wazee. Siku matokeo yalipotoka alikuwa kazini anamlisha bibi mmoja uji. Akacheka peke yake mpaka bibi naye akacheka, asijue anachekea nini. Léocadie alimchukia kiongozi wa chama hicho, ndiyo. Lakini aliyemchukia mpaka usingizi ukamkatika ni Séraphin.

Sikilizeni ubaya wa mtu huyu. Jules, kaka yake Léocadie, alikuwa mkimbizi Winnipeg, hukohuko Kanada, akafia huko, na dada yake akapanda ndege kwenda kumzika. Kwetu dada wa marehemu hukaa kichwani pa jeneza, na hapo hasogezwi na mtu, awe askofu, awe gavana. Séraphin, aliyejiita rafiki wa Jules, ndiye aliyekuwa akikitafutia chama kura za Wakongomani. Akaingia matangani na kiongozi wake, suti nyeusi, mpiga picha nyuma. "Dada, mpishe mgeni kidogo tu," akanong'ona, na kabla Léocadie hajafuta machozi, kiti kimeshavutwa. Kampeni zilipoanza, picha ile ikasambazwa nyumba kwa nyumba: kiongozi kainamisha kichwa, mkono juu ya jeneza la Jules, na chini maneno ya kuomba kura. Ala! Maiti ya watu mnaifanyia kampeni? Na Léocadie kwenye picha haonekani hata ukucha.

Akina mama waliolia naye kule walimwomba awe anawaongoza sala kila Jumamosi kwenye Zoom, akakubali. Akawaombea watoto wao, magoti yao, makaratasi yao ya uhamiaji. Habari ya kiti hakuigusa hata siku moja. Aliona aibu.

Sasa chama kimeshindwa, na wanachama wanatakiwa kuamua kwa kura: kiongozi abaki au aende. Na wanachama wa kule Winnipeg ni akina nani? Ni akina mama walewale! Séraphin aliwaandikisha wote zamani, ili huko juu aonekane mtu wa watu. Naye ameshaahidiwa kwamba kiongozi akibaki, uchaguzi ujao atasimamishwa kugombea ubunge. Basi alipokuwa akipita Landani kwenda harusini Brussels, akabisha hodi kwa Léocadie na boksi la biskuti.

"Dada Léo! Jules angefurahi kutuona hivi."

Thubutu! Léocadie akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Akampikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akamwacha ale. Jamaa akala huku anaeleza kwa nini walishindwa: bei ya nyumba, magazeti, Wamarekani, vijana wa siku hizi. Kila mtu duniani alikuwa na kosa isipokuwa yeye na bosi wake.

"Akina mama wanakusikia wewe," akasema. "Waambie tu wampe mzee nafasi ya pili."

"Waambie mwenyewe. Leo Jumamosi, tunasali saa hii hii. Utasema kabla hatujaanza."

Moyoni anamwambia: njoo, baba, njoo. Alitaka amwachie aseme mpaka ashibe, kisha amuulize mbele ya wote ni nani aliyevuta kile kiti. Halafu awaombe akina mama wamng'oe huyo bosi, na mtu wake ang'oke naye. Miaka yote hiyo alikuwa akiingoja siku kama hii.

Zoom ikafunguliwa, Séraphin akasema, na kusema anajua. Alipomaliza, Léocadie akavuta pumzi afungue mdomo. Mama Miradie, mkubwa wao wote, akamtangulia kutoka jikoni kwake Winnipeg.

"Séraphin mwanangu, unatuambia bei ya nyumba. Mimi nilikipigia kura chama chenu tangu nipate uraia. Ile karatasi yenye jeneza la Jules ilipoingia kwangu, niliichana. Nikaenda kumpigia mpinzani wenu, na jina lake hata kulitamka sijui."

"Na mimi," akasema mwingine.

"Mimi sikwenda kabisa. Nilikaa nikapika maharage."

"Ulimwondoa dada wa maiti kwenye kiti chake!" Mama Miradie akapandisha sauti. "Ulidhani hatukuona? Tulinyamaza kwa sababu ya Léo, tulijua anaumia. Dawa yako tukaitia kwenye sanduku la kura."

Kumbe! Kila mmoja alifanya kivyake, wala hakumwambia mwenzake. Léocadie alidhani mzigo ule anaubeba peke yake. Na kusema kweli akaona na wivu kidogo, maana wamempiga adui yake kabla yake.

Mtenda akitendewa huona kaonewa. "Mama zangu, mnanionea, yalikuwa maamuzi ya ofisi," Séraphin akaanza. Akina mama wakatikisa vichwa. Akateremka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye zulia. "Nilikosa. Dada Léo, nisamehe." Akalia. Kama ni machozi ya kweli au ya mwanasiasa, Mungu ndiye ajuaye.

Akina mama wakalegea. Mama ni mama. "Kapiga magoti, Léo," akasema Mama Miradie. "Mwekee mkono, umwombee, tuyamalize." Ndivyo wanavyofanya: anayekiri kosa huwekewa mkono kichwani palepale na kiongozi wa sala. Wote wakafumba macho. Séraphin mwenyewe akakisogeza kichwa karibu na mkono wa Léocadie.

Léocadie akaitazama shingo ile iliyoinama. Akasikia utamu ambao hakuwahi kuusikia tangu Jules afe.

"Fumbueni macho," akasema. "Kura zenu mnazijua wenyewe. Mama Miradie, ongoza wewe Baba Yetu, nami nitaitikia. Ila mkifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi nitanyamaza, na Mungu anione nimenyamaza."

Wakasali. Walipofika pale sauti zote zilipanda, na ya Séraphin ilizishinda. Léocadie akafunga mdomo, akamkazia macho mpaka wakavuka yale maneno.