Samaki Aliyeruka kwa Sauti Yangu

Mwanangu alitimiza miaka mitano hajasema neno. Watu walinipoza kwamba watoto wengine huchelewa. Sikupozeka, maana mimi nalima mwani na mwanangu hushinda nami pwani. Maji yakianza kujaa, kila mama huita wa kwake, naye huitika. Wa kwangu haitiki. Siku moja nilimkuta nyuma ya mikoko, maji kifuani, ananitazama tu. Tangu siku hiyo niliishi kwa hofu.

Mtaalamu wa usemi aliyekuja kliniki aliniwekea mchezo kwenye simu. Samaki amelala chini ya kioo. Akisikia sauti yoyote ya mtoto, anaruka. Akatuagiza tucheze dakika kumi kila siku. Mwezi mzima samaki wetu aliruka, nami nikajigamba mtaa mzima.

Mtaalamu aliporudi, alituangalia tukicheza, kisha akasema, "Mama, hebu ziba mdomo kwa kanga yako."

Nikaziba. Samaki akalala pale pale.

Kumbe simu haichagui sauti; aliyekuwa akimrusha samaki ni mimi. Kwetu mtoto akichelewa kuamkia, mama humsemea: "Anasema shikamoo, bibi." Bibi huitika marahaba, yakaisha. Nilikuwa nikimsemea mwanangu miaka yote, sasa namsemea hadi kwenye simu. Niliona aibu, na hofu ikanirudia maradufu.

"Mtolee sauti mara moja, kisha unyamaze," mtaalamu akaniambia. "Hesabu kumi moyoni. Mwangalie yeye usoni, achana na samaki."

Mimi na kunyamaza hatupatani. Kumi ile ilinitoa jasho. Siku nyingi niliimaliza patupu, nikiogopa kwamba humo ndani hamna sauti kabisa. Kisha asubuhi moja midomo yake ikafunguka, ikatoka "aa" ndogo, na samaki akatikisika.

Bamvua lililofuata, siku zile maji yanapojaa sana, nilikuwa nimeinama nafunga mwani kwenye kamba. Kuinua kichwa, maji yamenifika magotini na mtoto haonekani. Nikamwita. Wenzangu nao wakaanza kumwita, nikawaomba wanyamaze. Nikahesabu huku nakwenda mbio kuelekea mikoko. Tatu. Sita. Nikajilaumu kwa kuamini mambo ya simu.

Kwenye tisa nikasikia, "Maa."

Nikafungua kinywa niitike, sauti haikutoka. Alinisubiri kidogo, kisha akaita tena.