Mlango wa Nyuma Nilioupiga Msasa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuupiga msasa mlango wa nyuma. Niliifanya kazi hiyo wiki ya kwanza, kabla sijagusa injini, kwa sababu injini ilinitia hofu na mbao hazikunitia. Ulikuwa mlango mfupi wa mbao ngumu, ule wa kushusha chini wakati wa kupakia mizigo kwenye pikapu. Katikati yake, upande wa nje, palikuwa na alama za kuungua: mistari miwili iliyosimama na wa tatu uliojikunja mwishoni kama ndoano. Nilidhani mtu aliwahi kuung'oa mlango akaufanya meza, akaweka jiko la makaa juu yake. Nilichukia uzembe huo. Nikasugua siku mbili, na msasa uliposhindwa nikaazima randa kwa seremala, hadi ubao ukawa laini na mweupe kama ambao haujawahi kuguswa na mtu. Kisha nikapaka vanishi. Nilirudi nyuma hatua chache nikautazama, na sidhani nimewahi kujivunia kitu namna ile.

Pikapu ilikuwa ya babu. Babu alikuwa mwanajeshi wa serikali ya Waingereza, mmoja wa wale waliopewa ruhusa ya kukaa Isiolo walipomaliza kazi, na baada ya bunduki alishika biashara. Gari alilinunua kwa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Alilitumia kupeleka sukari, majani ya chai na tumbaku kwa wafugaji wa Gotu na Kulamawe, akarudi na ngozi. Alipofariki, baba yangu alikuwa tayari na lori, na pikapu ikabaki nyuma ya nyumba juu ya mawe manne. Kuku walitaga chini ya kiti cha dereva.

Nilipoanza kuitengeneza ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza shule bila matokeo ya kunipeleka popote, na nilikuwa nikiuza misumari, kufuli na rangi katika duka la mjomba. Ndiyo maana msasa haukunipungukia.

Nilimwomba ruhusa ayeyo, ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akitofautisha mchana na kivuli tu. Akasema, "Ukiweza kuiamsha, iamshe. Utanipeleka Kulamawe kwa dada yangu."

Dadaye alikuwa mzee kuliko yeye, na hawakuwa wameonana tangu pikapu ilipokufa. Kwenye lori la baba, ayeyo hakutaka kupanda. Alisema lori ni la mbuzi. Kwa hiyo tangu siku ile nilijua kazi yangu ilikuwa ya nini: nimfikishe kwa dadake wakati wote wawili wako hai.

Niseme ukweli kuhusu namna nilivyofanya kazi. Niliipaka milango rangi mara nne kwa sababu vumbi la mji wetu hushuka na upepo wa alasiri na kunata kwenye rangi mbichi, na kila punje niliyoiona ilinikosesha raha. Niligeuza skrubu zote za dashibodi mpaka mifereji yake ikaangalia upande mmoja. Asubuhi kabla ya kwenda dukani nilikuwa narudi kukagua nati niliyokwisha kuikaza jana yake, na nikiikuta imekaza nilikuwa na wasiwasi kwamba nimeikaza kupita kiasi. Nilikuwa na kitabu kimoja cha ufundi nilichokipata kwenye mitumba, cha gari la aina nyingine, kimekosa kurasa za mwanzo. Nilikisoma kama msahafu.

Kulikuwa na fundi mmoja Mmeru karibu na stendi ya malori ambaye alikuwa akipita kunitazama. Siku moja alinikuta nasugua kipete cha taa kwa mswaki. Alisimama, akatafuna kijiti chake, akaniuliza, "Kijana, hii gari unatengeneza ama unaposa?"

Yeye ndiye aliyeniokoa na injini. Nilikuwa nimeipanga sawasawa na kitabu, kila nafasi nimeipima, na bado ilikuwa ikikohoa na kuzimika. Fundi aliinama, akalegeza distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, akaizungusha kidogo kwa mkono huku kichwa amekigeuza pembeni kama anayesikiliza umbea. Injini ikashika, ikatulia. Nilimwuliza ameizungusha kwa kiasi gani. Akasema, mpaka iache kulalamika. Niliandika hivyo kwenye daftari langu, "mpaka iache kulalamika," na nikakaa nikiyatazama maneno hayo bila kujua niyafanyie nini.

Siku ya safari nilimfungulia ayeyo mlango wa mbele mapema. Alikuja na fimbo yake, amevaa shuka mpya, ameshika kifurushi cha buni za kahawa za kupeleka kwa dadake. Hakuingia. Alianza kulizunguka gari taratibu, mkono ukipapasa bodi. Nilimfuata nyuma, nikiona mkono wake unapita juu ya rangi yangu, na nilingoja aseme ni laini. Alifika kwenye mlango wa nyuma. Mkono ukaenda katikati, ukarudi, ukaenda tena. Ukasimama.

"Hii ni gari ya nani?" akauliza.

Nikamwambia ni yetu, ayeyo, ni ya babu. Akauliza tena, sauti ikiwa chini zaidi, na mimi nikajibu vilevile. Aligeuka, akarudi kwenye kigoda chake, akafungua kifurushi na kuanza kuchagua buni kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomtoa ndani.

Sikuelewa. Baba alikuwa safarini na lori. Mama aliniambia pengine ayeyo amechoka. Mimi nilifikia uamuzi ambao hata leo naona haya kuuandika: niliamua kwamba vanishi yangu ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimeona mchirizi mdogo kwenye kona ya chini, na nikajiambia vidole vya asiyeona husoma kila kitu. Nikaikwangua vanishi yote. Nikapiga msasa mwembamba zaidi, nikapaka tena tabaka tatu, nikifunika mlango kwa chandarua kati ya tabaka na tabaka. Kazi hiyo ilichukua wiki mbili. Nilipomleta tena, aliweka mkono katikati, akautoa upesi kuliko mara ya kwanza, akarudi kwenye kigoda chake.

Baba aliporudi nilimwuliza. Alikuwa amechoka na barabara, akasema nikamwulize mwenyewe. Lakini hilo ndilo sikuweza. Niliogopa ataniambia kasoro ambayo sitaweza kuirekebisha. Nilimwuliza fundi, akasema labda harufu. Nikaacha madirisha wazi siku tatu, na vumbi likajaa kwenye viti.

Aliyenifungua macho ni mzee mfuga ngamia kutoka Kulamawe, aliyekuja dukani kununua kamba. Pikapu ilikuwa nje. Tulisalimiana salaam aleikum, akanunua, akatoka, halafu nikamwona ameinama nyuma ya gari. Nilitoka. Aliniuliza kama mimi ni wa nyumba ya yule mwanajeshi, nikasema ndiyo.

"Gari niliijua kwa pua yake," alisema. "Lakini chapa mmefuta. Mlimwibia nani?"

Alikuwa anacheka. Alipoona mimi sicheki, akanieleza polepole kama mtu anayezungumza na mgeni. Babu alipolileta gari, alilipiga chapa siku ileile aliyopiga ngamia zake chapa, kwa chuma kilekile, moto uleule. Watu walimtania sana. Yeye alisema chochote kinachombebea mzigo ni mali ya ukoo na lazima kijulikane kikipotea. Huko kwao, mtu akikuta mnyama aliyekwanguliwa chapa hahitaji kuuliza maswali. Ni kazi ya mwizi tu. Hakuna mtu mwingine anayefuta chapa.

Nilizaliwa mjini. Ngamia nimewaona wakipita kwenda sokoni. Nilijua wana alama shingoni, kama ninavyojua kwamba nyumba zina paa, lakini sikuwahi kuitazama hata moja.

Nilirudi ndani ya duka nikachukua daftari nichore alama ile, na hapo mkanganyiko wa kweli ukaanza. Mistari miwili, sawa. Wa tatu uliojikunja, sawa. Lakini ndoano ilielekea wapi? Niliisugua siku mbili, uso wangu ukiwa karibu nayo kama ninavyokaribia kitabu, mimi niliyepanga skrubu zote ziangalie upande mmoja, na sikuweza kusema kama ilielekea kushoto au kulia. Nilimwuliza baba, akachora ikielekea kulia. Nilimwuliza baba mdogo, akachora ikielekea kushoto, akaapa, kisha akasema ile ya kulia ni ya watu wengine kabisa. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nilichora ukurasa mzima, kushoto, kulia, kushoto, na kadiri nilivyochora ndivyo zote zilivyokuwa sahihi.

Hapo ndipo nilipokosa mahali pengine pa kukimbilia. Nilikwenda nikakaa chini mbele ya kigoda cha ayeyo na kumwambia yote. Kwamba kulikuwa na alama, kwamba nilidhani ni jiko, kwamba nilitumia randa. Kwamba mara ya pili nilirudia vanishi kwa sababu ya mchirizi kwenye kona.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alikuwa na hakika kwamba baba yangu ameliuza gari la mumewe na kuleta jingine, na kwamba sote nyumbani tumekubaliana kumdanganya kwa sababu haoni. Sauti ya gari haikuwa ileile, alisema, harufu haikuwa ileile, na chapa hakuna. Kwa wiki zote zile alikuwa akila nasi sahani moja na kutuona waongo.

"Na sasa unaniamini?" nikamwuliza.

"Mwongo angetafuta uongo mzuri kuliko huo," akasema. "Jiko la makaa."

Akavuta kiganja changu. Kwa ukucha akachora mstari, mstari, halafu wa tatu, na ndoano ikaelekea kwenye kidole gumba, upande wa kulia. Alirudia mara mbili. Akaniambia chuma kiko chini ya kitanda chake, kimefungwa kwenye gunia, na kwamba nikitumie mwenyewe kwa kuwa mimi ndiye niliyefuta.

Baba aliwasha moto uani. Baba mdogo alikuja akasimama mbali, hakusema lolote kuhusu kushoto. Nilikuwa nimepima katikati ya mlango kwa rula na kuweka alama za penseli. Chuma kilipogusa, vanishi ilitoa moshi mweusi uliochoma macho, nikayafumba, na mstari wa pili ukaenda mshazari. Ndoano ilizama upande mmoja kuliko mwingine. Nilipokiondoa chuma nilitaka kulia. Jambo la kwanza lililonijia akilini, naungama, ni kwamba naweza kuuranda ubao na kuanza upya.

Ubao ulipopoa ayeyo aliletwa. Akapapasa.

"Imepinda," akasema.

Nikasema najua, ayeyo.

"Ya ngamia hupinda kwa sababu anapigana. Huu ubao ulipigana na wewe?"

Baba alicheka kwanza, halafu mama. Ayeyo alishika ukingo wa mlango wa mbele, akatafuta kiti kwa mkono, akaingia na buni zake. Hakuna aliyemwambia ni siku ya safari. Ilibidi nikimbie kuvaa viatu.

Tulifika Kulamawe alasiri. Dada yake alitoka kwa shida, akiwa ameshikwa na wajukuu, akalizunguka gari kama alivyofanya ayeyo, ila kwa macho. Akauliza kama ndiyo ile ya zamani. Ayeyo akajibu akiwa bado amekaa ndani, "Ndiyo hii. Mjukuu wangu aliichuna, ikaota ngozi nyingine." Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mimi nilisimama pembeni nikiitazama chapa yangu iliyopinda, na sikuweza kuelewa jinsi kazi mbaya kuliko zote nilizofanya kwenye gari lile ndiyo pekee iliyomtosha. Sijaelewa vizuri hadi leo.

Ni miaka sita sasa. Ayeyo na dada yake wote wametangulia, mmoja baada ya mwingine. Pikapu bado inatembea, na nimetengeneza magari mengine mawili ya watu baada ya hilo. Bado nakagua nati asubuhi. Lakini kabla sijapiga kitu msasa, namwita mwenye gari aje akishike kwanza.