Chuo cha serikali au cha kulipia? Soda niliyoona ikirudishwa kwenye kreti, Bugarama

Wakuu, nawasalimu kutoka Rusizi, Rwanda. Haya nimeyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi. Majina tu nimebadilisha.

Asubuhi ile nilitoka Kamembe bila mpango wowote. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo miguu haitulii. Nikapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. Dereva akauliza wapi, nikamwambia popote unakoelekea.

Akanishusha Bugarama, kwenye tambarare ya mpunga. Joto la huko si mchezo.

Nikauliza pa kulala, nikaelekezwa kwa Mzee Hamisi, mkulima wa mpunga. Nilimkuta mkewe, Maman Zawadi, akigeuza mpunga juani juu ya turubai.

"Karibu, lakini ngojea," akasema. "Leo tuko na bageni. Papa Zawadi anataka kuuzisha shamba."

Nikashika reki nikamsaidia. Mimi na maswali hatuachani, kwa hiyo kidogo kidogo nikaelewa.

Zawadi, binti yao mkubwa, amemaliza sekondari. Aliomba uuguzi. Chuo cha serikali kikampa nafasi na mkopo juu, lakini ya kilimo, tena mbali. Chuo cha kulipia kilicho karibu kinafundisha uuguzi. Ila ada ya mwaka wa kwanza peke yake ndiyo shamba lao lote la mihogo na ndizi kule Gashonga.

Mnunuzi akafika na kreti ya fanta.

Huku, wakuu, shamba halihesabiki limeuzwa mpaka mnunuzi atoe kinywaji na wenye shamba wanywe mbele ya mashahidi. Halafu hati ina majina mawili, la mume na la mke. Mmoja akigoma, hakuna biashara.

Chupa zikagawiwa. Maman Zawadi akaiweka yake chini bila kuifungua.

"Maman, fanta haina sumu!" mnunuzi akatania. Majirani waliokuja kushuhudia wakacheka.

"Sijasema sumu. Mwaka ya kwanza tutasomesha mutoto na shamba. Ya pili tutasomesha na nini? Na bale badogo batakula wapi?"

Mzee Hamisi hakupandisha sauti. "Muntu asome kile roho yake inapenda. Miye nilinyimwa. Sitamunyima mutoto."

Mimi sikuona aliyekosea kati yao.

Zawadi alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake mkononi. Akaja taratibu, akairudisha kwenye kreti.

"Papa, muache. Nitaenda kwa ile ya Leta." Leta ndiyo serikali.

Mnunuzi akabeba kreti yake, akaaga vizuri, akaondoka. Mzee Hamisi akaingia ndani kuswali. Alikaa huko muda mrefu kuliko sala yoyote ninayoijua.

Nikamuuliza Zawadi kama kilimo atakiweza.

"Niko ndani ya matope tangu mutoto, kaka. Sasa Leta inanituma nikayasomee." Alijaribu kucheka, ikashindikana. Akachukua reki mkononi mwangu.

Zamani nilidhani kuchagua chuo ni kulinganisha ada na jina la chuo. Siku ile nilijifunza kuuliza pia nani nyumbani atakosa chakula ili wewe usome unachopenda. Na ukisoma usichopenda ili wao wale, nani atakurudishia hicho?

Jioni Maman Zawadi akanionyesha chumba.

"Ni ya Zawadi. Jumapili anaenda. Hizi siku atalala na badogo zake. Kitanda inabaki, lakini matela ataenda nayo kwa chuo."

Matela ndiyo godoro, na limeshafungwa kwa safari; nimetandika mkeka juu ya mbao. Ndipo nilipo sasa, naandika.

Karibuni mchangie, hasa wazazi na mliopita vyuo vyote viwili. Ungekuwa Maman Zawadi, ile soda ungeinywa?