Poda ya Mwanangu

Sitaandika jina la mtu yeyote humu. Si kwamba nimesahau. Hapa Bunia jina linataja kabila la mtu kabla hajafungua mdomo, na nikikupa jina lake au langu utaanza papo hapo kutupanga, huyu upande huu, yule upande ule, na ninachotaka kusimulia hutakisikia tena. Majina nimeyaacha nje makusudi. Anayetaka kuyatafuta na ayatafute, atachoka mwenyewe.

Mwanangu ananizidi miaka minne. Ana ndevu. Kabla ya kuingia chuo alichimba dhahabu kule Kilo, ndani ya mashimo yenye watu wa kila pembe na kila dini, na mpaka leo mabega yake ni ya mtu wa sururu. Nilimpata nikiwa mwaka wa pili, jioni moja ndani ya ukumbi wetu wa chuo, mvua ikipiga bati kwa nguvu hata mhubiri akakata tamaa na kukaa.

Mambo yako hivi. Kikundi chetu cha wanafunzi Wakristo kina desturi ya familia. Kila anayeingia anapewa familia, na kila familia ina papa na mama, wote wanafunzi kama yeye. Huchagui. Majina yanatiwa kwenye sufuria yanachotwa, na yanachotwa hivyo makusudi, ili watu wachanganyike. Familia inasoma Injili pamoja siku ya Jumatano, inakula pamoja Jumapili baada ya ibada, inamlilia aliyefiwa, inamlaza aliyefukuzwa na mwenye nyumba. Na ukipewa umama, ni umama kweli. Nimewahi kuona msichana mwembamba kama ufagio akimgombeza mwanamume mwenye mke na watoto kwa kukosa maombi, na mwanamume akainamisha kichwa, akajibu, "Unisamehe, Maman." Watu wa nje wanacheka sana wakisikia. Wacheke.

Mimi kura iliniangukia umama. Papa wa familia yetu alimaliza masomo, akaenda Epulu kwenye kazi ya kulinda wanyama wa msitu. Nikabaki mjane kabla ya kuolewa. Watoto walikuwa wengi, lakini hapa nawahitaji wawili tu: mchimbaji wangu huyu, na binti mmoja wa Mahagi, Mkatoliki, ambaye alisema bila haya kwamba alikuja kwetu kwa ajili ya wali na maharage. Tulipokuwa tunaomba kwa kelele, kila mtu na machozi yake, yeye alifanya ishara ya msalaba polepole, akatusubiri tumalize. Nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Mchimbaji alitoka upande wa pili. Mtu wa hapa hahitaji nimweleze zaidi. Watu wa kwao na watu wa kwetu wamechomeana nyumba, na kila upande unajua kuhesabu za kwake tu. Jumapili ya kwanza nilimpakulia chakula. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, halafu akala. Baada ya miezi michache alikuwa anakomba sufuria bila kuomba ruhusa, nami nampiga mkononi kwa mwiko.

Sasa niseme habari ya poda. Kwetu mtu akifaulu mtihani mkubwa anamwagiwa poda, ile nyeupe ya watoto wachanga, kichwani, usoni, mpaka kwenye kola ya shati. Siku ya kutetea kazi ya mwisho mbele ya walimu, familia zinangoja nje ya mlango na makopo mkononi. Mama ndiye anayemwaga kwanza. Mwaka ule nilimwona kijana mmoja anatoka amefaulu, hana mtu. Alisimama mlangoni na koti lake safi, watu wakimpita kwenda kuwakumbatia wa kwao, mpaka mama wa mwingine akamhurumia na kumnyunyizia kidogo kilichobaki chini ya kopo. Mwanangu alikuwa pembeni yangu.

"Miye, poda sina haja nayo," alisema.

"Hakuna mutu alikuuliza," nilimjibu. "Siku yako nitakumwangia miye."

Niliahidi hivyo tu, kwa hasira, bila kupima.

Ulipofika mwaka wake wa mwisho, vijiji vikawaka tena. Wakimbizi wakajaa mjini, simu zikajaa picha ambazo hakuna mtu anayepaswa kuziona, na watu waliokuwa wanasalimiana sokoni wakaanza kuvuka barabara. Ndipo komite ya kikundi chetu ikatuita mama na papa wote. Mwenyekiti alikuwa kijana mpole, anayesali vizuri kuliko mimi, na alianza kwa sala ndefu. Nikajua kuna jambo.

"Ni kwa muda tu," alisema. "Ju ya usalama. Kila famille ikutane mu kartie, mu mitaa ya kwao, na watu ya kwao."

"Kwa muda gani?" niliuliza.

"Mpaka mambo itulie."

"Mambo haiyatulia tangu nilizaliwa. Na mutoto yangu mutamupeleka kwa mama gani?"

"Iko na watu ya kwao, Maman. Watamuchunga."

"Mama yake mu hiki kikundi ni miye."

Wengine walitazama sakafu. Nilijua wanaogopa, na woga wao haukuwa wa kijinga. Njiani watu walikuwa wanaulizwa wanatoka wapi, na jibu lilikuwa na uzito. Lakini damu ilinichemka. Tulikuwa tumeimba miaka yote kwamba sisi ni nyumba moja, kwa gitaa na makofi, na ilipofika siku ya kulala ndani ya nyumba hiyo, kila mtu anatafuta mlango. Niliwaambia hivyo hivyo. Niliwaambia pia kwamba kama Injili yetu inafanya kazi siku za amani tu, basi tuirudishe dukani, imeharibika. Mwenyekiti akasema nina kiburi. Nikamwambia ndiyo, na yeye aombe apate kidogo.

Wakakubaliana bila mimi. Jumatano iliyofuata nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya maktaba, Biblia kwenye magoti, nikangoja familia yangu. Nilingoja muda mrefu. Akaja binti wa Mahagi, amebeba mikate ya mafuta kwenye mfuko. Halafu akaja yeye, kwa mguu, akizunguka njia ya mbali. Wengine hawakuja tena. Tukasoma watatu, tukala mikate, tukafunga kwa sala. Tulifanya hivyo mpaka mwisho wa mwaka, na hakuna aliyetuondoa kwenye zile ngazi.

Ugumu wangu mwingine ulikuwa nyumbani. Nilikaa kwa noko, kaka wa mama yangu. Ni yeye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, na ni kwake nilikokuwa nalala, nakula, nasoma. Nyumba yake ya kijijini ilichomwa, na kaka yake mkubwa alibaki humo. Noko hakuwa mtu mbaya. Jioni alikuwa anakaa mbele ya nyumba ya kupanga, mikono kwenye mapaja, anatazama tu barabara, na mimi nilikuwa nambeba moyoni kama mzigo wangu mwenyewe. Uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa. Lakini alitaka niurithi kama mtu anavyorithi shamba, na hapo ndipo tulipogongana.

Jiji hili halifichi siri. Mtu wa kanisani kwake alimfikishia habari, na usiku wa kuamkia siku ya kutetea aliniita.

"Nasikia uko na mutoto."

"Ndiyo, Noko."

"Mutoto ya wale?"

"Mutoto yangu."

Mke wake aliacha kuosha vyombo.

"Sikia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, si ya kugomba. "Kesho kama unaenda kumumwangia ile mutu poda, usirudiye hapa nayo mu kichwa. Kama unarudi nayo, hii haiko tena nyumba yako."

Nilienda kulala, na sikulala. Niliogopa, naliandika wazi: sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nilimwambia Mungu maneno makali kidogo usiku ule. Nilimwambia kwamba umama huu alinipa yeye kwenye sufuria ya kura, sikuuomba, kwa hiyo asinitazame vile.

Asubuhi simu ililia. Sauti ya mwanamke, nyuma yake malori na watu wanabishana.

"Weye njo Maman yake wa Bunia?"

"Ndiyo, njo miye, Maman."

"Uko na miaka ngapi?"

Nikamwambia. Akacheka sana, na mimi nikacheka.

"Njia imefungwa, mutoto yangu," alisema. "Siye tuko hapa na mizigo tangu jana, magari haipiti. Sitafika." Nikasikia anavuta pumzi. "Utamumwangia na yangu. Usichanganye. Yangu ianze."

Nilipita dukani nikanunua makopo mawili.

Chumba cha kutetea kilikuwa kidogo, na sisi tuliruhusiwa kukaa nyuma. Alisimama mbele ya walimu watatu na koti la kuazima lililombana mabegani, akaeleza kazi yake juu ya maji ya visima. Mwanzoni sauti ilitetemeka. Binti wa Mahagi alifanya ishara ya msalaba mara nyingi kiasi kwamba mwalimu mmoja alimtazama. Halafu sauti ikakaa vizuri, akajibu alichoulizwa, na pale asipojua alisema hajui. Tukatolewa nje wakajadiliane. Tuliporudishwa, wakasoma: amefaulu, tena vizuri.

Nje ya mlango palikuwa na watu wengi, familia za wengine waliotetea siku hiyo. Na mwenyekiti wetu alikuwepo, na wanakomite wawili. Mwanangu alitoka, akasimama mlangoni. Nikaona macho yake yanatafuta njia ya kupita haraka, kama mtu ambaye hataki kuonekana hana mtu. Yaani bado alikuwa hajaamini kwamba nitafanya.

"Piga magoti," nilimwambia. "Sikufikii."

Akapiga magoti kwenye saruji na koti la watu. Watu wakaanza kucheka, ndevu zile, na mimi nilivyo mfupi. Nikafungua kopo la kwanza.

"Hii ni ya mama yako," nilisema kwa sauti, wote wasikie. "Amesema yake ianze."

Nikalimwaga lote. Kichwa, nyusi, ndevu. Machozi yakachora mistari miwili usoni mwake, na kicheko cha watu kikapungua. Kisha nikafungua la pili.

"Hii ni yangu."

Mwenyekiti alisogea, akanyoosha mkono achote naye kidogo, ampake. Nilifunika kopo kwa kiganja.

"Famille mbele," nilimwambia. "Wageni watangoja kwa muda."

Alibaki mkono hewani. Nikamwaga yangu mabegani mwa mwanangu mpaka kopo likawa jepesi. Binti wa Mahagi alichota, akapaka, akapiga vigelegele vya kwao mpaka madirisha yakafunguliwa. Baada ya hapo ndipo nikampa mwenyekiti kopo, nalo lilikuwa na kidogo sana chini. Alipaka, na naona alielewa. Mwanangu akasimama, akalichukua kopo mkononi mwake, akaligonga juu ya kichwa changu mpaka likatoa vumbi la mwisho. Hiyo pia ni desturi: mama wa aliyefaulu harudi nyumbani mweusi.

Nilikuwa na kitambaa mfukoni. Kulikuwa na bomba la maji karibu na lango la chuo. Nililipita. Nilikataa hata motard na pikipiki yake, nikarudi kwa mguu barabara nzima, katikati ya mchana, nywele nyeupe, mabega meupe, vumbi jekundu la Bunia likijaribu kunipaka rangi yake. Mwanamke anayeuza makaa alinipigia makofi.

"Umefaulu?"

"Mutoto yangu amefaulu."

"Mutoto? Weye?"

"Miye."

Noko alikuwa mezani na mke wake. Fufu, ugali wetu wa muhogo, ilikuwa bado inatoa moshi, na sombe, majani ya muhogo huo huo, kwenye bakuli. Niliingia kwa mlango wa mbele. Mke wake alishika mdomo. Noko alinitazama kuanzia nywele mpaka mabega, na kijiko kikabaki mkononi mwake.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisirudiye nayo. Nimerudi nayo."

Nilikuwa nimekwisha kupanga ni vitu gani nitachukua: Biblia, madaftari, gauni la ibada. Aliweka kijiko chini. Alipouliza, hakuuliza nilichotarajia.

"Mama yake hakuya?"

"Alikuya."

"Njia imefungwa. Alipita wapi?"

Nilivuta kiti changu, kile kile cha siku zote, nikakaa mbele yake.

"Njo huyu unaona mbele yako, Noko."

Hakusema nitoke. Hakusema nibaki. Mke wake alisukuma bakuli la sombe upande wangu, na nilipoinama kujipakulia, poda ikadondoka kutoka kwenye nywele zangu mpaka ndani ya sahani. Wote wawili waliiona. Nikamega fufu, nikachovya, nikala.